Dakika Sita Juu ya Paa

Mkurugenzi alikuwa amelala kifudifudi kwenye saruji ya uani, kiatu kimoja mguuni, kingine hakionekani. Shati lake jeupe lilikuwa bado limechomekewa vizuri. Ukimtazama haraka ungesema ni mtu aliyeinama kutafuta funguo chini ya bomba.

Mlinzi ndiye aliyemkuta. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Alikwenda nyuma ya jengo kufunga bomba lililokuwa likivuja, akakutana na hilo.

"Ulimgusa?" Inspekta aliuliza.

"Nimguse nini, mzee? Nilimwita mara mbili. Mara ya tatu sauti ikanikatalia."

"Nani alikuwa ndani?"

"Jumamosi watu wanatoka saa saba. Mimi nakaa geti la mbele. Mlango wa nyuma una kitasa, na wafanyakazi wa siku nyingi wana funguo zao."

"Hao wa siku nyingi ni wangapi?"

"Wamebaki wawili. Mpwa wa marehemu, na Milimita."

"Milimita ni mtu?"

"Fundi mkuu. Jina lake hasa hata mimi silijui, na niko hapa mwaka wa tisa."

Inspekta alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini na mbili, asiyependa ngazi. Jengo lilikuwa na ghorofa tatu na lifti iliyokuwa imekufa siku nyingi kabla ya mwenye nayo. Alipanda akihema, huku sajini wake, mwanamke mwembamba mwenye miguu myepesi, akimsubiri kila kona bila kusema neno. Kusubiriwa huko kulimuudhi kuliko ngazi zenyewe.

Paa lilikuwa bapa, la zege, limezungukwa na ukingo usiofika hata magotini. Katikati ilisimama stendi ya miguu mitatu, na juu yake sahani nyeupe ya plastiki ngumu, kubwa kama sinia. Chini ya stendi, ndani ya zege, kulikuwa na msumari wa shaba uliong'aa kwa kusuguliwa. Waya mweusi ulitoka kwenye sahani, ukapita kwenye tundu sakafuni kwenda chumba cha chini.

Kiatu cha pili kilikuwa karibu na ukingo.

"Ameteleza," sajini alisema.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakalia. Kwenye vumbi la zege palikuwa na mikwaruzo miwili mirefu, sambamba, iliyokwenda mpaka ukingoni.

"Hivi ni visigino," alisema. "Anayeteleza huenda mbele. Huyu alikwenda kinyumenyume."

Walishuka chumba cha chini. Waya ulikuwa umeishia kwenye kipokezi cha setilaiti, chombo cha ukubwa wa tofali kilichowekwa mezani. Kilikuwa kimezimwa, na tundu la kadi yake ya kumbukumbu lilikuwa wazi, tupu.

"Aliyeanguka mwenyewe hapandi tena kuja kuchomoa kadi," Inspekta alisema. "Ita watu wa alama za vidole."

Walikuja, wakapuliza unga wao. Kila kitu kilikuwa na alama za Milimita, kama ambavyo jiko la mama yeyote lina alama za mama huyo. Haikuwasaidia kitu.

*

Mpwa aliitwa jioni ileile. Kijana wa miaka thelathini na kidogo, simu kila mkono, macho mekundu. Alikuwa amelia kweli, lakini simu zilipotetemeka alizitazama.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Kwenye yadi ya malori. Nilikuwa nafunga vipokezi kwenye magari ya mteja. Saa saba na nusu mpaka saa kumi." Alinyoosha simu moja. "Njia yangu yote iko humu, mzee. Kila dakika."

"Kwa hiyo shahidi wako ni setilaiti."

"Na madereva kumi na wawili."

"Hao nitawaamini zaidi."

Sajini alitoka kuwapigia simu. Inspekta aliegemea kiti.

"Niambie kazi yenu. Kwa lugha ya mtu aliyeacha shule mapema."

Mpwa alifungua kiganja. Inspekta alidhani kiko tupu, mpaka alipoinama. Katikati ya kiganja palikuwa na kitu cheusi kama punje ya dengu.

"Hiki ndicho kipokezi?"

"Chenyewe. Kinasikiliza setilaiti, kinapiga hesabu, kinakuambia uko wapi. Miaka thelathini iliyopita kilibebwa na watu wawili, na betri ya gari juu. Sasa kinaingia kwenye saa ya mkononi, kwenye kola ya mbwa, popote."

"Na kikiharibika?"

"Unatupa, unanunua kingine."

"Fundi mkuu anafanya kazi gani basi?"

Mpwa alikunja kiganja. "Hilo mjomba alikuwa akimuuliza kila mwisho wa mwezi."

Sajini alirudi. Madereva wote walimwona, na wawili walikuwa bado wamekasirika kwamba aliwachelewesha. Mpwa akaruhusiwa kwenda.

*

Jumatatu asubuhi walimkuta Milimita kwenye benchi lake, ghorofa ya pili. Bosi alikuwa mochwari, ofisi imefungwa, na yeye amevaa koti la kazi kama kawaida. Mwanamume mkavu wa miaka hamsini na minane, mwenye vidole virefu na miwani iliyofungwa kwa uzi.

Ukutani palikuwa na rafu ndefu. Vipokezi vya zamani vilipangwa toka kushoto kwenda kulia, kikubwa mpaka kidogo, kama picha ya familia inayokua kinyume. Cha kwanza kilijaa sanduku la safari. Cha mwisho kilikuwa kwenye kifuniko cha chupa ili kisipotee.

"Hiki cha kwanza," Milimita alisema bila kuulizwa, "kilo ishirini na mbili. Wawili tunakibeba, wa tatu kabeba betri. Ukikiwasha, unakunywa chai, unamaliza, unaosha kikombe, ndipo kinakuambia uko wapi. Wakati huo tulikuwa mafundi wanane. Kilipofika ukubwa wa tofali, wanne wakamwaga unga. Kipande cha sabuni, watatu wakawafuata. Kibiriti, nikabaki mimi na kivuli changu."

"Na punje?"

"Punje haina fundi. Haina skrubu, haina pa kuingiza chuma cha kulehemu. Ukiifungua umeiua."

"Unaichukia."

"Mimi? Nichukie chombo? Chombo hakina kosa, bwana. Kipe antena pana na anga wazi, kitakuambia kweli. Kosa ni kukipa antena ya ukubwa wa biskuti, ukakiweka kando ya ukuta, ukamwambia mtu kitampimia kiwanja chake." Alishika sahani kuukuu ya antena iliyokuwa mezani, akaigonga upande wa chini. "Mawimbi yanashuka toka juu. Mengine yanapiga ukuta kwanza, ndipo yanakuja. Sahani pana inayakataa hayo yaliyozunguka. Biskuti inameza yote. Unaambiwa mpaka uko hapa, kumbe uko pale. Mita mbili."

"Watu wanajua hivyo?"

"Wauzaji wanajua."

Sajini alikuwa akiandika. Inspekta akavuta kigoda, akakaa.

"Jumamosi ulitoka saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

"Ukaenda?"

"Nyumbani. Moja kwa moja."

"Nani alikuona?"

"Dada yangu mkubwa. Anakaa kwangu."

"Tangu lini?"

Milimita alichukua bisibisi, akakaza skrubu ambayo haikuhitaji kukazwa. "Tangu alipokosa pa kukaa."

"Chombo kilichokuwa kikijaribiwa juu, nani alikiweka?"

"Mimi, Ijumaa asubuhi. Kila kipokezi kinachotoka hapa lazima kisikilize juu ya ule msumari saa ishirini na nne. Msumari ule tunajua ulipo kuliko tunavyojua nyumba zetu. Chombo kikikubaliana nao, natia sahihi kwenye cheti. Kisipokubaliana, hakitoki."

"Hata cha punje?"

"Hata cha punje."

"Kadi yake ya kumbukumbu iko wapi?"

"Sijui."

Alijibu haraka mno, kwa mtu ambaye kila jambo jingine alilipima kwanza kabla ya kulisema.

*

Daktari wa polisi alipiga simu mchana.

"Mgongo umevunjika, damu imevujia tumboni," alisema. "Lakini hakufa papo hapo. Robo saa, labda dakika ishirini. Viganja vina michubuko. Alijaribu kujivuta."

"Angeokolewa?"

"Mimi si mpiga ramli. Ila toka pale mpaka hospitali ni dakika nane kwa gari."

Inspekta aliweka simu chini. Kisha akamwita sajini, naye akaingia na boksi la karatasi.

"Nakala za vyeti vya vipokezi vidogo," sajini alisema. "Mia mbili na kumi na vinne. Vyote vina sahihi ya Milimita. Na hili ndilo daftari la paa, la kuandika kila chombo kilichowekwa juu ya msumari. Vidogo vilivyoandikwa humu ni thelathini na kimoja tu."

"Vingine vilipimwa wapi?"

"Havikupimwa popote. Vilitoka kwenye boksi vikaenda kwa mteja." Alipanga vyeti vitano mezani. "Tazama sahihi. Mkia wa mwisho unapinda palepale, unakatika palepale. Mtu gani anatia sahihi mia mbili zisizotofautiana hata unywele?"

"Hakuna. Imenakiliwa kwa mashine."

"Na hii barua ilikuwa kwenye droo ya marehemu, chini kabisa." Alisoma. Mjane mmoja alilalamika kwamba mpima ardhi alikuja na kipokezi kipya, akasema nyumba imeingia kwenye hifadhi ya barabara kwa mita mbili, na mwezi uliofuata tingatinga likala sebule, jiko na chumba kimoja. Baadaye mpimaji mwingine, mwenye chombo kikubwa, akakuta nyumba haikuwa imeingia hata inchi. Namba ya cheti cha kile kipokezi ilikuwamo.

"Umeenda kwake?"

"Nimeenda. Umebaki ukuta mmoja na choo. Jirani akanielekeza alikohamia." Sajini alifunga boksi. "Amehamia kwa mdogo wake, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kampuni hii. Mlango umefunguliwa na mama wa miaka sitini na kitu. Koti jingine la kazi la Milimita lilikuwa kwenye kamba, linakauka."

"Ulimuuliza Jumamosi alirudi saa ngapi?"

"Hakujua kwa nini nauliza. Akasema saa tisa. Akasema hakula, akaenda kulala na viatu."

Kwa hiyo Milimita alikuwa na sababu, na maneno yake kuhusu saa yalikuwa ya uongo. Lakini Inspekta aliwafahamu mawakili. Mtu anaweza kutembea mjini saa moja na nusu akiwa na hasira zake, na hakuna sheria inayomkataza. Hakukuwa na jicho lolote lililomwona juu ya paa.

Jicho lenyewe lilijileta Jumanne asubuhi. Mpwa aliingia kituoni bila tai, akakaa kabla ya kukaribishwa.

"Kulikuwa na kipokezi cha pili," alisema.

"Wapi?"

"Kipokezi alichoweka Milimita kina sahani yake juu ya paa. Chini ya sahani mimi na mjomba tulibandika punje kwa utepe, na betri yake, na kadi yake ndogo kama ukucha. Inanyonya mawimbi yaleyale ya sahani. Milimita hakujua. Mjomba alisema asijue."

"Kwa nini?"

"Tulitaka mchoro wa kuweka kwenye tangazo. Mstari wa chombo kikubwa na mstari wa chombo kidogo, pamoja. Inalingana, mzee. Huwezi kuitofautisha."

"Na mteja akinunua, anapewa na sahani hiyo kubwa?"

Mpwa alitazama chini. "Anapewa ya ukubwa wa biskuti."

"Kwa hiyo mchoro ni uongo."

"Mchoro ni wa kweli. Ila si wa kile anachonunua."

"Hebu rudia," sajini alisema. "Taratibu. Ujisikie mwenyewe."

Mpwa alizigeuza simu zake kifudifudi mezani.

"Kadi umekaa nayo tangu lini?" Inspekta aliuliza.

"Jumapili nilipanda nikaichukua. Nikisema, biashara inakufa. Nisiposema..." Alijipangusa uso. "Nisiposema, Milimita bado ana funguo."

Walifungua kumbukumbu kwenye kompyuta. Toka Ijumaa asubuhi mstari ulikwenda umenyooka kama uzi wa timazi. Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana, uliruka. Sahani ilikuwa imesogea sentimita kumi na moja, imeinama upande. Setilaiti za upande mmoja wa anga zilififia, zikarudi, zikafifia tena.

"Hapo kuna mtu amesimama karibu," Mpwa alisema. "Mwili wa mtu unaziba mawimbi."

Saa nane na dakika kumi na sita mstari ukarudi mahali pake, ukaendelea kunyooka. Inspekta alisogeza pua karibu na kioo.

"Amekosea kiasi gani kuirudisha?"

"Milimita moja."

"Wewe ingekuchukua muda gani?"

"Timazi, pimamaji, na nusu saa. Ningekosea sentimita nzima, na ningejipongeza."

Mkurugenzi alianguka saa nane na dakika kumi. Alikufa saa nane na nusu, au karibu na hapo.

*

Jumatano saa nne asubuhi Inspekta alimwomba Milimita apande naye paani, amwonyeshe kazi inavyofanywa. Sajini alisimama mlangoni mwa ngazi. Stendi ilikuwa bado juu ya msumari wa shaba, na punje ilikuwa imebandikwa tena chini ya sahani.

Inspekta alitembea kuizunguka, mikono nyuma. Kisha akaupiga teke mguu mmoja wa stendi. Sahani ikayumba, ikasimama imepinda.

Uso wa Milimita ulibadilika kama wa mtu aliyeona mtoto akipigwa.

"Mbona umefanya hivyo?"

"Nimejikwaa."

"Hukujikwaa."

"Basi sikujikwaa. Tuzungumze. Jumamosi ulirudi nyumbani saa ngapi?"

"Nilishakuambia."

"Dada yako anasema saa tisa."

"Dada yangu hana saa." Macho yake yalikuwa kwenye stendi.

"Barua yake uliiona?"

"Barua gani?"

"Iliyokuwa na namba ya cheti. Nitazame mimi, Fundi."

Milimita alijaribu kumtazama. Macho yalikaa kidogo, yakarudi kwenye sahani iliyopinda. Alikunja vidole, akavikunjua. Inspekta aligeuka kutazama paa la jengo la jirani, na kule akakaa kutazama kama mtu mwenye siku nzima.

Haikupita dakika. Alisikia magoti yakigusa zege.

Milimita alitoa timazi mfukoni mwa koti, akaining'iniza chini ya stendi. Alisogeza mguu wa kwanza kwa kiganja, wa pili kwa ubavu wa kiatu. Akalala kifudifudi, shavu sakafuni, jicho kwenye ncha ya timazi na kitobo katikati ya msumari. Akainuka, akashika skrubu mbili kwa vidole gumba, akazizungusha pamoja, moja huku, nyingine kule, kiputo cha pimamaji kikatambaa. Sajini alikuwa ameshika saa yake.

Ghafla mikono ikasimama.

Alibaki amepiga magoti, bila kugeuka. "Kuna kingine," alisema. "Siyo?"

"Chini ya sahani."

Alipitisha kidole, akakuta utepe, akaubandua. Alikitazama kile kitu cheusi juu ya ncha ya kidole chake.

"Kilikuwa kimewashwa?"

"Ijumaa yote na Jumamosi yote."

"Nilipoirudisha, nilikosea kiasi gani?"

"Milimita moja."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa matokeo ya mtihani. Kisha akakaza skrubu ya mwisho mpaka kiputo kikakaa katikati, akaifuta sahani kwa mkono wa koti, na ndipo akasimama.

"Dakika sita na sekunde kumi," sajini alisema kwa sauti ya chini.

*

Kituoni alionywa kisheria kwamba halazimiki kusema lolote. Akasema amelazimika kunyamaza miezi minne, inatosha.

"Barua niliiona mezani kwa Bosi, mwezi wa kwanza. Niliijua namba. Cheti kina sahihi yangu na mimi sijakitia mkono. Nikaanza kutafuta vingine kimyakimya. Kila kimoja sahihi yangu, kila kimoja sijakipima."

"Kwa nini hukuja polisi?"

"Kusema nini? Kwamba karatasi zenye sahihi yangu si zangu? Mngeniuliza ni za nani." Alivua miwani, akaishika kwa uzi wake. "Jumamosi nilimwomba apande juu, mlinzi asisikie. Nikamwambia viitwe vyote virudi. Aandikie kila mpima ardhi barua. Alinisikiliza vizuri tu, mikono mfukoni. Akaniambia, 'Milimita, ukipiga kelele utafungwa wewe, si mimi.' Akaniambia mwisho wa mwezi wa sita benchi linafungwa. Nikamuuliza vyeti vitatiwa sahihi na nani. Akasema, 'Unastaafu wewe. Sahihi yako haistaafu.'"

Inspekta aliandika maneno hayo kama yalivyo.

"Ukamsukuma."

"Nikamsukuma. Akashika stendi asianguke, ikasogea naye."

"Mara moja?"

"Hapana." Alizungusha uzi wa miwani kidoleni. "Alikuwa ameshasimama sawasawa. Nikamsukuma tena."

"Unajua alikuwa hai chini."

"Nilimsikia."

"Akisema nini?"

"'Fundi.' Miaka ishirini na minane aliniita Milimita, kwa kunitania. Siku ile akaniita Fundi. Mara tatu au nne."

"Hospitali ni dakika nane."

"Najua. Niliwahi kupima ile barabara."

"Ukafanya nini?"

"Stendi ilikuwa imesogea."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta akamwashiria aendelee.

"Ulichomoa kadi ya chombo kikubwa."

"Baadaye, nikishuka. Hiyo nilifanya kwa ajili yenu, msijue. Kadi niliivunja, nikaitupa mtaroni."

"Na stendi?"

"Stendi haikuwa kwa ajili yenu." Alivaa miwani yake. "Nilitaka kitu kimoja kiwe mahali pake. Nikishamaliza ndiyo niende kumtazama. Nilipomaliza alikuwa amenyamaza, nikashuka kwa mlango wa nyuma nikampita."

Alisomewa maelezo yake, akasahihisha tarehe moja. Kabla ya kutia sahihi alisimamisha kalamu.

"Andika kwamba vyombo mia na themanini na vitatu havijapimwa. Namba ziko kwenye daftari langu la nyumbani. Kuna watu wanabomolewa kuta kwa hivyo vitu, sasa hivi tunavyoongea."

Inspekta aliandika. Alhamisi mkuu wa kituo alilipitia jalada kwa kalamu nyekundu, akaizungushia sentensi hiyo. "Hii si ya kesi ya mauaji," alisema. "Usinichanganyie mambo. Ipeleke idara inayohusika." Inspekta aliipeleka. Idara inayohusika iligonga muhuri wa kupokea, na wiki ileile ofisi ya kampuni ikafunguliwa, mchoro wa mistari miwili umebandikwa kwenye kioo cha mbele.

Dada mtu alikuja kituoni Ijumaa, amebeba mfuko wa nguo safi. Mama mrefu, mkavu kama mdogo wake, aliyekaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Amekubali?" aliuliza.

"Amekubali, mama."

"Alisema ni kwa ajili yangu?"

Inspekta angeweza kusema ndiyo. Uongo huo usingemgharimu kitu, na hakuna ambaye angeukagua. Lakini alikuwa ameshika jalada mkononi.

"Alisema ni kwa ajili ya sahihi yake."

Mama alitikisa kichwa. Hakuonekana kushangaa.

"Mimi ndiye niliyemlea," alisema. "Miezi minne nimekaa kwake, hajaniuliza hata siku moja kama napata usingizi. Kila jioni ananiuliza ukuta wa jiko ulikuwa wapi, bikoni ya mpaka ilikuwa wapi, mti ulikuwa wapi. Anachora. Namwambia, mdogo wangu, nyumba imeshakwenda, njoo tule. Ananiambia, ngoja kwanza nijue ilikosewa kwa kiasi gani."

Alisukuma mfuko wa nguo juu ya meza.

"Mpe. Koti la kazi sikulileta, nikaona halina maana humu." Alirudisha mikono mapajani. "Na mwanangu, nikuulize jambo. Ile nyumba aliyokuwa akikaa ni ya kampuni. Yule kijana, mpwa, alikuja jana. Kwa adabu kweli, shikamoo mbele, viatu kavua mlangoni. Amenipa wiki mbili."

Inspekta alivuta kalamu na karatasi.

"Sikuombi chochote," mama alisema. "Nataka tu kujua, mkija kunitafuta kwa ajili ya ushahidi, niwaambie nipo wapi?"